Wamenirudishia bomba ya hewa niikate

Leo wameniomba nikate pumzi ya ndugu yangu, tena na mukasi yangu mwenyewe.

Mi nashonaka mabashi, yale maturubai ya kufunika makamyo, hapa Kamenge. Mwezi jana nilishona bomba ndefu ya bashi, ile ya kupeleka hewa mu tuneli ya treni. Mudogo wangu Byamungu anachimba mule. Anasemaka joto yake ni kama chungu yenye imefunikwa.

Leo shefu wa shantie, mwenye kusimamia kazi ya tuneli, ananirudishia ile bomba.

"Mama, ukate, ushone hema. Kesho kuko wageni wakubwa."

"Na wenye kuchimba?"

"Hewa haionekanaki, mama. Hema inaonekana. Na wale wamezoea."

Wamezoea!

Na yeye amekaa mbele ya feni yangu, anajipanguza jasho.

Nikazima feni.

Jamani, hata soda yake hakumaliza. "Humu mutu atakufa!" Akatoka mbio, akaita vijana wabebe bomba.

Mucheke, ruhusa. Hata mi nilicheka, nikajua bomba inarudi mu tuneli.

Kumbe ameingia tu kwa fundi jirani.

Naandika hapa, nasikia mukasi yake inakata.