Mguu Kwenye Breki

Saa tatu asubuhi, na gari jekundu lililochujuka rangi linatetemeka ndani ya kibanda cha mabati kama mtu mwenye homa. Haliendi popote. Limesimama tu, injini inawaka, na kioo cha pembeni kinacheza hadi huwezi kujiona uso. Mbele yake ameinama mwanamume mrefu mwenye mvi, kipande cha mpira wa kumwagilia bustani amekiweka sikioni, na ncha ya pili anaipitisha polepole juu ya mabomba ya injini.

"Linavuta hewa ya wizi," anasema bila kugeuka. "Nalisikia, halafu linanyamaza. Linanifanyia makusudi hili."

Hapa gereji wanamwita Pumzi. Jina alilopewa na wazazi wake mafundi wenzake wamelisahau, na yeye hajisumbui kuwakumbusha. Kazi yake ni magari ya zamani yenye turbo, yale ambayo wengine wakiyaona yanaingia getini wanajifanya wana simu ya kupokea.

"Turbo inaishindilia injini hewa," anatueleza sisi wageni wake. "Sasa mabomba yakizeeka yanapasuka. Gari linahesabu hewa iliyopita mlangoni, kumbe nyingine imeingilia dirishani. Hesabu zinakosana, ndiyo hiyo mitetemeko. Basi mtu atabadilishiwa plagi, atabadilishiwa pampu, atabadilishiwa kila kitu isipokuwa mpira wenyewe."

Ndivyo ilivyomkuta mwenye gari, mwalimu mstaafu aliyekaa nje kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Ameshapita kwa mafundi wawili. Mumewe ana ugonjwa wa figo, na kila wiki anampeleka hospitali kusafishwa damu. Wiki iliyopita gari lilizimika katikati ya makutano, mzee amelala kiti cha nyuma, watu wanapiga honi.

"Huyu akishindwa, naliuza chuma chakavu," anasema. "Na mzee wangu sijui nitambeba mgongoni."

Pumzi anazima injini. Anaziba mdomo wa bomba la hewa, anasukuma moshi ndani kwa pampu, anapaka povu la sabuni kila kiungo. Hakuna moshi unaotoka. Hakuna hata kipovu kimoja. Anaketi juu ya tairi na kufuta mikono, ingawa haijachafuka.

Jibu analo, na ndilo linalomsumbua. Ufa wa namna hii hujifumba injini ikiwa imetulia, hufumbuka injini inapojipinda kwa nguvu. Ili kuuona, lazima mtu akae garini, aingize gia ya kwenda mbele, ashikilie breki kwa nguvu zote huku akigusa mafuta kidogo. Na fundi anatakiwa awe mbele, kichwa ndani ya boneti. Mguu ukiteleza, habari yake imekwisha.

Kwa miaka ishirini na mbili mguu huo ulikuwa wa mkewe.

"Alikuwa anavua viatu," anasema Pumzi. "Anasema breki haikanyagwi kwa ndala. Halafu ananichokoza: leo umetoka bila kuniaga, baba, na mguu wangu una hasira, shauri yako! Mimi nacheka huku nimeinama. Namwuliza, upo? Ananijibu, nipo. Basi, ndiyo kazi inaanza."

Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita kwa shinikizo la damu. Watoto wao wawili wana maisha yao, mbali, na simu hupiga wakikumbuka.

"Watu walijaa nyumbani, wakalia na mimi, wakaenda zao. Siwalaumu, kila mtu ana kwake. Ila jioni ile nilipofunga mlango nilisema, upo? Nikasimama pale nangoja, mtu mzima na akili zake."

Kuomba mguu wa mtu mwingine hakuweza. Akajifanya mjanja: akachonga fimbo, akaikaza kati ya kiti na pedeli ya breki, akaingiza gia. Fimbo ikachomoka. Gari likaruka na kumbana kwenye meza ya kazi, mbavu mbili zikavunjika. Aliyekuja mbio kuzima injini ni fundi wa betri wa kibanda cha pili, ambaye ni kaka wa marehemu. Alimfokea mbele ya gereji nzima: "Unataka tukuzike na wewe?"

Tangu siku hiyo, shemeji hawa wanapeana salamu tu, tena ya kuinua kidole. Na magari yenye ugonjwa huo Pumzi amekuwa akiyakataa.

Leo anamtazama mwalimu pale kitini. Kisha anainuka, anakwenda kibanda cha pili.

"Shemeji."

"Naam." Fundi wa betri hainui kichwa.

"Nina gari pale. Nahitaji mguu."

"Gereji yote hii hukuona mguu mwingine?"

"Miguu ipo. Wa kuuamini ndio sina."

Fundi wa betri anaweka nyaya chini. Anakwenda garini, anahakikisha mawe yamebana magurudumu, anaketi. "Sitakugonga," anasema dirishani. "Jeki yangu uliyoazima hujairudisha."

Mwalimu anacheka. Pumzi hacheki. Injini inapowashwa, anashika ukingo wa boneti.

"Upo?" anauliza.

"Nipo, shemeji. Inama."

Gia inaingia. Injini inajipinda upande, na hapo hapo unasikika mluzi. Chini ya bomba la hewa, upande usioonekana, ufa mrefu kama kidole unafumbuka. Pumzi anaubana kwa dole gumba na mtetemeko unakatika. Anaachia, unarudi. Anabana tena.

"Zima!"

Injini inazimika, lakini yeye hainuki. Mabega yanamcheza. Mwalimu anasimama kwa hofu akidhani ameumia. Hajaumia. Analia. Na fundi wa betri, injini imeshazimwa, bado ameshikilia breki kwa miguu yote miwili.

Mpira mwingine unakatwa, klipu mbili zinakazwa. Gari linaunguruma limetulia tuli, na mwalimu anaondoka kumfuata mzee wake.

"Siku ile nilikufokea kwa woga," fundi wa betri anasema wakinawa mikono kwa petroli. "Dada nilishamzika. Nikakuona wewe chini."

"Nilidhani umenichoka."

"Nikuchoke nikupeleke wapi? Jumapili uje kula nyumbani. Mke wangu anakuulizia kila siku, nimechoka kumdanganya."

Pumzi anaitikia kwa kichwa. Mwenzake akishaondoka, tunamwuliza mipango yake. Anasema magari aliyoyakataa atawapigia wenyewe wayarudishe.

Na Jumapili?

"Nitakwenda. Kwangu nakula nimesimama jikoni, sufuria mkononi. Nina hamu ya kukaa mezani na watu, wanisogezee chumvi." Anakunja kitambaa chake, anakikunjua, anakikunja tena. "Naogopa kitu kimoja tu. Tukishakula, itabidi niage."