Maziwa ya Aloyce Ndani ya Chupa ya Chai

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo sijaisahau. Nilikuwa na mtoto wa kwanza, Aloyce, wa miezi miwili. Huku kwetu mlimani mzazi hukaa ndani miezi mitatu akilishwa na kupumzishwa. Mimi nikaikatisha. Biashara ya mitumba ilikuwa imefunguliwa, wenzangu wanashuka Moshi mjini kila siku, nami nikahofia nafasi yangu sokoni itachukuliwa. Mama mkwe akakubali kubaki na mtoto.

Alfajiri nikakamua maziwa yangu, kikombe kizima. Sasa, unaijua baridi yetu ya mwezi wa saba. Niliogopa mtoto akinywa ya baridi atapata kichomi. Tulikuwa na chupa mpya ya chai, ya maua mekundu. Nikayapasha maziwa, nikayamimina humo.

"Mama, yatakaa na moto wake mpaka nirudi," nikamwambia mkwe wangu. Nilijiona mjanja kweli!

Niliporudi alasiri, Aloyce alikuwa mapajani kwa bibi yake, ameharisha tangu saa sita, macho yameingia ndani, hata kulia hawezi. Nikamfunga mgongoni, tukateremka mbio hadi zahanati, mkwe wangu nyuma na ile chupa. Njia nzima nilikuwa nikipeleka mkono nyuma kumgusa mguu, nione kama bado una joto.

Muuguzi, mama mtu mzima, alifungua chupa akanusa.

"Nani kaweka maziwa ya mtoto humu?"

"Shikamoo... ni mimi."

"Ya ng'ombe ukiyaacha vuguvugu kutwa nzima, yanakuwaje?"

"Yanachacha."

"Haya. Ya kwako yana nini cha ajabu?"

Mkwe wangu akasema polepole, "Nilisikia harufu, Mama Aloyce. Nikadhani maziwa ya mtu ndivyo yalivyo. Wewe ndiye uliyesoma."

Nililia kwa aibu. Tulimnywesha dawa ya maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, na siku ya tatu ndipo aliponyonya kwa nguvu. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, ila mimi nilijifanya najua hadi mtu mzima akaogopa kuniuliza.

Basi nisikie, mwanangu, wewe unayerudi kazini. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kukamua. Chombo kiwe safi, kimechemshwa, kina mfuniko. Huna friji? Weka mahali pa baridi, yatumike ndani ya saa nne. Kwenye friji zisizidi siku nne. Usiyachemshe, simamisha kikombe ndani ya maji ya moto, yatapungua ubaridi. Mtoto akibakiza, mwaga, hata roho ikikuuma. Na huyo unayemwachia mtoto, mwambie kwa kinywa chako: ukisikia harufu usiyoielewa, usimpe, hata kama nimekuagiza mimi.

Mungu akujalie maziwa ya kutosha, na mtoto atakayekupita kimo.