Chambo Chekundu cha Bibi

Wiki iliyopita nilirudi Ifakara kwenye harusi ya mpwa wangu, na tangu siku hiyo akili yangu haijatulia. Tulikuwa tumeshiba pilau, mezani vimepangwa vibakuli vya jeli nyekundu, mara spika zikafumua singeli. Vijana wakaruka. Mimi nilibaki nimeshika kijiko, nimeduwaa, maana kibwagizo kilikuwa wimbo wa bibi yangu aliyenilea: “Chambo chekundu, jirani kaleta, kinatetemeka, samaki wanakuja.” Vijana wenyewe walidhani unamsifu msichana.

Ngoja nikueleze, usije ukaniona nimechanganyikiwa bure. Tuliishi Lumemo, hapo hapo Ifakara, karibu na mto, na bibi alivua kwa ndoano. Asubuhi nilimsikia nyuma ya migomba akichimba nyungunyungu, akiwatia kwenye kopo la maziwa pamoja na udongo wao. Jioni nyumba nzima ilinuka kambare wa moshi, nami nikipepea moto huku machozi yananitoka. Ubwabwa ukishapakuliwa, bibi alitugawia sisi wajukuu minofu, yeye akachukua kichwa. Alisema ndicho anachokipenda.

Jirani yetu alikuwa mke wa mwenye duka, mtu wa pwani, na dukani kwao kulikuwa na friji. Siku moja ya Idi alituletea sahani ya jeli, kitu ambacho nyumbani kwetu hakijawahi kuonekana. Bibi aliitikisa, ikatetemeka. Akainusa.

“Hiki ni chambo,” akasema. “Si anajua mimi navua? Watu wa pwani nao wana mambo!”

Niliponyoosha kidole nionje, alinichapa mkono. “Ukila chambo utanaswa, shauri yako.”

Akaifunika kwa jani la mgomba, akashuka nayo mtoni peke yake. Alirudi na kambare wanene, na kwa kuwa kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu, alimlaza mmoja juu yake akampelekea jirani. Jirani alifurahi mno. Basi kila Idi ikawa hivyo: jeli inakuja, kambare anakwenda, mimi nameza mate. Wimbo aliutunga mwenyewe, ila akimaliza kibwagizo alikuwa anafumba midomo na kuvumisha tu. Nilijua umeishia hapo. Ukubwani kisa hicho nimekisimulia kila mahali, na watu wamemcheka sana bibi yangu aliyevulia jeli.

Basi pale harusini nilimfuata DJ, kijana mpole mwenye kofia ya manjano, nikamuuliza wimbo ule kautoa wapi.

“Shikamoo mama. Wimbo ni wa bibi yangu wa Katindiuka,” alinieleza. “Walikuwa wanavua pamoja na mwenzake wa huku Lumemo, ndiye aliyemfundisha. Sikiliza, ubeti wenyewe unaingia sasa hivi.”

Ukaingia: “Kikigusa ulimi kinayeyuka. Tule wenyewe wenye ndoano, samaki wale nyungunyungu.”

Kikigusa ulimi! Nilikaa kwenye kiti cha mtu mwingine bila kujua. Kwanza nilipandwa na hasira, nikaona kama nimeibiwa leo hii. Halafu kicheko kikanishika, nikawaona wale bibi wawili wakilamba vidole ukingoni, ndoano zao zina nyungunyungu wa kawaida kabisa. Au siku ya kwanza aliamini kweli ni chambo, akaja kuonja baadaye? Sijui. Kila nikidhani nimepata jibu, linanitoka.

Na wa kumuuliza hayupo. Bibi tulishamzika, jirani na mumewe walirudi kwao pwani, pale dukani siku hizi wanauza simu. Jeli iko kila harusi, watoto wanaiacha nusu. Yangu niliimaliza, nikavuta na kibakuli cha jirani yangu mezani, na nilipofumba macho nilimwona bibi akivuta sahani yake jioni, akitucheka tunavyogombania minofu. Na vile vichwa vya samaki je, kweli alikuwa anavipenda?