Kwaya ya Kufungua Midomo

Wenzangu mliokwenda shule na kidumu cha maji mkono mmoja na ufagio mkono wa pili, viazi vya kuchemsha mfukoni vikiwa vimeshapondeka kabla ya kengele ya paredi, hadithi hii ni yenu. Watoto wa siku hizi nawaomba wapite tu. Wataniuliza video iko wapi.

Mimi nimekulia upande wa Litapunga, miaka ile tukiwa bado tunahesabiwa ni watu wa Rukwa. Baba alikuwa Msukuma aliyeshuka na ng'ombe kutafuta malisho, Mama ni Mpimbwe wa mpunga, na ndoa yao yote ilikuwa kesi moja ndefu ya ng'ombe wa mmoja kuingia katika jaruba la mwingine. Sisi watoto tulikuwa mashahidi wa pande zote mbili, kutegemea jioni hiyo nani anapakua chakula.

Shule yetu ilikuwa na madarasa saba, na mawili hayakuwa na paa. Upepo ulikuja siku moja ukayachukua mabati kama mtu anayefunua sufuria. Darasa letu la tano lilikuwa mojawapo ya hayo mawili, kwa hiyo tulijifunza hesabu za mafungu huku mwewe akizunguka juu yetu, na mvua ikitishia tulihama na madawati kwenda kubanana na darasa la sita, ambao walitupokea kwa makonzi.

Kila mwaka shule iliandaa tamasha la kwaya. Neno tamasha ni la kwenye barua ya mwaliko. Wazazi walikuja pale kama watu wanaokwenda kuchomwa sindano, kwa sababu Mwalimu Mkuu alikuwa anaandika majina ya wasiofika. Tamasha la mwaka uliotangulia lilikuwa baya kiasi kwamba baba yangu alidai ng'ombe wake, waliokuwa wakichungwa karibu na uwanja, walikata maziwa siku mbili. Aliliongea jambo hilo kwa uchungu wa kweli.

Mwaka huo tukaletewa Mwalimu Skolastika. Alikuwa binti wa Kifipa, mwembamba, mcheshi, na mwenye sikio ambalo sijaliona tena kwa binadamu. Mtoto wa mstari wa nyuma kabisa akipotea sauti kidogo tu, yeye kule mbele anakunja uso kama aliyeng'ata limao bichi. Mwalimu Mkuu alimkabidhi kwaya ya watoto arobaini na agizo moja: mgeni rasmi anatoka wilayani, na akiondoka hapa lazima awe ameahidi mabati. Mwalimu Mkuu mwenyewe akatunga wimbo. Ulianza hivi:

"Inua macho mgeni, uone mawingu darasani."

Na kwaya ikaitikia:

"Mvua ikija twahama, jua likija twahama."

Haukuwa wimbo wa kuficha shida.

Wiki ya pili ya mazoezi, Mwalimu Skolastika aliniita nyuma ya jiko la nyumba za walimu. Nilidhani nimefanya kosa. Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akaniambia kwa upole sana, "Anjela, wewe unajua kusimama vizuri, na ishara za mikono unazipatia. Kwa hiyo siku ya tamasha utafungua mdomo tu. Sauti usitoe. Na usimwambie mtu, wasije wakakucheka."

Nikajibu, "Ndiyo, mwalimu." Nikaenda kujificha chooni mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Sasa jioni ile ile, Mama alikuwa uani na Mama Renatus, jirani yetu, mwanamke mwenye kujisifu hata mbele ya msalaba. Alikuwa anaeleza jinsi mwanawe Renatus alivyosimamishwa mstari wa mbele katika kwaya. Mama akanigeukia akaniuliza, na wewe je? Kinywa changu kikajibu kabla yangu. Nikasema mimi ndiye mwimbishaji.

Mwimbishaji halisi alikuwa Gaudensia wa darasa la saba, msichana mwenye sauti iliyowafanya hata walimu wa kiume waache kuchapa kidogo wamsikilize. Lakini Mama hakumjua Gaudensia. Akaweka sufuria chini, akaniangalia, akasema tu, "Haya." Jumapili iliyofuata jumuiya yetu nzima ya kanisani ilikuwa na habari.

Uongo una kazi zake. Kwa kuwa nilikuwa mwimbishaji nyumbani, ilibidi niimbishe. Tukienda kuamia ndege mpungani nikawa naimba mstari wa Gaudensia asubuhi mpaka jioni, kwa sauti ambayo, nakiri, iliwafukuza ndege zaidi kuliko debe tulilokuwa tunapiga. Nikiteka maji naimba. Nikisugua masufuria naimba. Wanawake wa majaruba ya jirani waliusikia wimbo ule mpaka wakawa wanauimba wenyewe bila kujua, wakipalilia. Shuleni nilikuwa bubu, mpungani nilikuwa redio.

Mwalimu Skolastika, kwa kutaka ukamilifu, akachagua waimbaji saba bora, Gaudensia akiwa kiongozi wao, akawa anawafungia kwenye chumba cha stoo kila jioni kuwanoa zaidi. Stoo ile haikuwa na dirisha. Siku tatu kabla ya tamasha mmoja wao akaamka na shavu limevimba. Asubuhi ya tamasha wote saba walikuwa na matubwitubwi. Wazazi wao waliwapaka masizi ya chungu mashavuni, wakawaleta hivyo hivyo wakae nyuma kabisa watazame, wamejipanga kama watuhumiwa.

Nilimwona Mwalimu Skolastika akitupa macho kwa wale saba, kisha kwetu sisi thelathini na tatu tuliobaki. Gari la mgeni lilikuwa limeshaonekana barabarani. Akatukusanya nyuma ya darasa akatuambia mstari wa Gaudensia tutauimba wote pamoja, na mengine tufanye kama tulivyofanya mazoezini. Alirudia mara mbili: kama mazoezini, msibadilishe kitu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mwenyewe, mbele kabisa, amevaa kitenge kipya cha bluu, na wanajumuiya wamejaa nyuma yake kama mashabiki wa mpira. Baba alisimama mbali, kwenye kivuli, amegeuza mgongo nusu, ili tukianza asipate tabu ya kugeuka wakati wa kuondoka. Ng'ombe alishawapeleka ng'ambo ya mto.

Parokia ilikuwa imetuazima kipaza sauti na spika zake, vinaendeshwa kwa betri ya gari, na fundi mmoja mwenye kofia ya pama ndiye aliyeviangalia. Mgeni rasmi akakaribishwa. Mtu mnene, mtaratibu, ambaye sura yake ilionyesha matamasha ya shule alishayaona mengi na hakuna lililomfurahisha. Mwalimu Skolastika akainua mikono yote miwili. Akaishusha.

Midomo thelathini na mitatu ikafunguka.

Hapakutoka kitu. Nilisikia jogoo wa Mwalimu Mkuu. Nilisikia bendera ikipiga mlingoti. Nikafikiri masikio yangu ndiyo yameziba kwa hofu, nikaendelea kufungua na kufumba mdomo kwa bidii. Fundi akaruka, akaigonga spika, akasogea kwenye kipaza sauti akasema, "Alo, alo, moja mbili." Ikasikika mpaka barabarani. Akatikisa kichwa, akatuonyesha kwa mkono tuendelee. Tukaendelea. Tukafika penye ishara ya mawingu, tukanyoosha vidole juu wote kwa pamoja, kimya. Tukafika penye kuhama, tukapiga hatua mbili kushoto na mbili kulia, kimya. Mgeni rasmi akavua kofia, akainama mbele, akaziba sikio moja na kulizibua.

Hapo nikamtupia jicho Renatus, yule wa kujivuniwa. Mdomo wake ulikuwa unakwenda kama wa samaki. Nikatazama kushoto kwangu, Mwajuma naye vivyo hivyo. Nikageuka nyuma, jambo ambalo tulikatazwa, nikaona safu nzima ya samaki. Ndipo nikaelewa. Kila mmoja wetu alikuwa ameitwa nyuma ya lile jiko, akaambiwa siri ile ile kwa upole ule ule. Miezi yote ile sauti tuliyokuwa tunaisikia mazoezini ilikuwa ya watu saba. Nadhani hata mwalimu mwenyewe alikuwa amepoteza hesabu ya aliowaita. Nilikuwa nimelia chooni peke yangu nikiamini ni mimi tu niliyezaliwa na koo bovu, kumbe ningepiga hodi choo cha pili ningekuta mwenzangu.

Mwalimu Skolastika alikuwa bado amenyanyua mikono, uso umekuwa wa kijivu. Mwalimu Mkuu alikuwa anatazama ardhini, naamini akitafuta pa kuingia. Na mimi nikamtazama mtu mmoja tu, Mama, kwa sababu mstari wa mwimbishaji ulikuwa umepita na mwimbishaji wake alikuwa ananyoosha kidole mbinguni bila neno.

Mama akasimama kwenye kigoda. Siyo kando yake, juu yake. Akashika kiuno, akafungua kinywa, akaimba mstari wa Gaudensia, "Inua macho mgeni, uone mawingu darasani." Sauti yake ilikuwa mbaya. Nampenda, lakini ilikuwa kama mlango wa zizi. Na jumuiya nzima nyuma yake, wale wanawake wa majaruba, wakaitikia kama waliopangwa, "Mvua ikija twahama." Mama Renatus naye akaitikia, tena kwa nguvu, asije akaachwa nyuma.

Sijui ni nani kati yetu alianza. Ninachokumbuka ni koo langu kufunguka. Kama lilivyofunguka langu ndivyo yalivyofunguka yote, makoo thelathini na matatu yaliyofungiwa miezi mitatu, kila moja na njia yake, hakuna mawili yaliyolingana. Kiranja akachukua ngoma ya mchakamchaka akaipiga. Kina mama wakasogea mbele, vigelegele vikachanganyika na wimbo, vumbi likainuka. Kule nyuma wale saba wenye masizi wakashindwa kuvumilia, wakajiunga huku wameshika mashavu kwa maumivu. Fundi akazima kipaza sauti, hakikuwa na kazi tena.

Mwalimu Skolastika alijaribu kupiga mkono kutuongoza, akaona haiwezekani, akakaa chini pale pale mbele ya mgeni akacheka mpaka kilemba kikamvuka. Mgeni rasmi alitaka wimbo urudiwe. Tuliurudia mara tatu, na mara ya tatu yeye mwenyewe alikuwa katikati yetu, amenyoosha kidole juu, anahama kushoto na kulia na kitambi chake. Baba alikuwa ameacha kivuli chake amesogea mpaka mstari wa mbele, na alikuwa anapiga makofi huku amekunja uso, kama mtu anayepiga kwa kulazimishwa. Mabati yalikuja kabla mvua hazijaanza. Na Mwalimu Skolastika hakumfunga mtoto mdomo tena. Aliishia kumwomba Gaudensia apunguze sauti kidogo ili wengine nao wasikike.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, Mama kabeba kigoda chake kichwani, nilishindwa kukaa na ule uongo. Nikamwambia mimi siyo mwimbishaji na sijawahi kuwa. Nikamweleza habari ya jikoni kwa mwalimu, yote.

Akakiweka sawa kigoda kichwani.

"Najua," akasema. "Mtu anayeimba kama wewe hapewi kuongoza hata mbuzi. Sauti hiyo umeichukua kwangu, nitaachaje kuijua?"

Nikamuuliza kwa nini basi aliwaambia watu, akavaa kitenge kipya, akaja kukaa mbele.

"Wewe si ulisema utakuwepo?" akanijibu. "Hata kama ni kufungua mdomo tu, nilikuja kuuona huo mdomo."

Baba, aliyekuwa mbele yetu, akasema bila kugeuka kwamba ng'ombe watabaki ng'ambo ya mto mpaka kesho, kwa usalama.

Tangu hapo nimehudhuria maonyesho makubwa. Nimeingia uwanjani Mpanda mjini kumwona msanii anayetikisa nchi, vijana wamemzunguka wanalia. Katikati ya wimbo akainua chupa akanywa maji, na sauti yake kwenye spika ikaendelea kuimba bila yeye. Hakuna aliyeshtuka. Vijana walikuwa wamenyanyua simu, wanamtazama kwenye kioo mtu aliyesimama hatua kumi mbele yao. Nikawaza kwamba sisi tuliifanya kazi hiyo bure, na pasipo moshi wa rangi.

Mwaka jana mjukuu wa kaka yangu alihitimu darasa la saba hapo hapo mjini, na nikaenda na Mama. Sasa anatembelea fimbo, lakini sikio lake ni zima. Wametukalisha kwenye viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe. Di-jei akaweka wimbo, watoto wakatoka na miwani ya jua, wakacheza vizuri ajabu, wamelingana kama jeshi, midomo inakwenda sawasawa na maneno ya kwenye spika, hakuna aliyekosea hata hatua moja. Wazazi tukapiga makofi. Ukaja wimbo wa pili, ukaja wa tatu, mgeni rasmi akawapongeza kwa kuimba vizuri.

Mama alitazama yote kwa utulivu, mikono imekaa juu ya fimbo. Walipomaliza na kuinama kutushukuru, akanivuta mkono, akaniuliza kwa ile sauti yake ambayo umri haujaipunguza, na safu tatu za mbele zikageuka.

"Anjela, hawa watoto wataanza kuimba saa ngapi?"