Dosa ya Kwanza

Pechiammal alikula dosa nzima kwa mara ya kwanza akiwa na miaka sitini na miwili. Ukitaka kucheka, cheka, lakini kwanza nisikilize.

Aliolewa Madurai, kusini mwa India, akiwa na miaka kumi na tisa, na tangu siku ile, saa kumi na moja alfajiri, kunguru hawajaanza hata kelele zao, yeye ameshaoga na yuko mbele ya tawa, kile kikaango bapa cha chuma. Sasa, aliyewahi kupika dosa, yaani chapati nyembamba ya unga wa mchele na dengu uliokorogwa mwepesi, anajua: ya kwanza haikubali. Tawa halijashika moto sawasawa, unga unang'ang'ania chuma, ukiigeuza inapasuka vipande vipande. Unaiweka pembeni. Zinazofuata, nzima, nyembamba, zimekauka vizuri kingoni, zinakwenda kwa baba mkwe, kwa mume, kwa mtoto. Wakishashiba, ndoo ya unga nayo imekwisha. Mpishi anavuta vile vipande vyake vilivyopoa, anavila amesimama huku anasugua masufuria. Miaka arobaini na mitatu! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na nyumba ile ilikuwa na wenye shibe watupu.

Mumewe akafariki. Pechiammal akakaa mwaka mzima wa msiba, hakupunguza hata siku moja. Siku iliyofuata hakuwasha jiko. Alivaa sari ya kijani, akateremka barabarani mpaka kwenye toroli la Sonaimuthu, ambaye huuza kifungua kinywa kwenye baraza ya duka la vyombo mpaka saa tatu, duka linapofunguliwa. Duka lenyewe ni la Ilango, mwana wa pekee wa Pechiammal.

"Nipe dosa," alisema. "Na isiwe imepasuka."

"Ebo! Mama, mimi siuzi zilizopasuka. Zile nampa ng'ombe yule pale."

Pechiammal akageuka, akamtazama ng'ombe. "Kumbe tumekuwa tukila sahani moja, mimi na yeye," akasema.

Wachukuzi wa sokoni walicheka mpaka mmoja akapaliwa na mchuzi wa dengu. Pechiammal alikaa kwenye kigoda cha plastiki katikati yao, akala dosa yake na chatne ya nazi, akashushia na kahawa ya maziwa. Ikawa ndiyo desturi yake kila asubuhi.

Nyumbani kukawaka moto. Mwanamke, tena mjane, anakula barabarani na wanaume!

"Mama, unaniaibisha," Ilango alifoka. "Watu watasema simlishi mama yangu!"

"Waambie ananilisha Sonaimuthu."

"Unga umo ndani, jiko limo ndani!"

"Na mikono unayo. Pika."

Thenmozhi, mke wa Ilango, ambaye ni mwalimu na alfajiri anasahihisha madaftari, aligeukia ukutani asionekane akicheka. Ilango akawa anaondoka na mkate mkavu na chai, wiki mbili mfululizo, amenuna.

Basi badala ya kupika, Ilango akamwendea Sonaimuthu. "Baraza hii yangu," akamwambia. "Ukimuuzia mama tena, tafuta pengine pa kusimamisha toroli lako." Sonaimuthu ana binti watatu, na pale ameuza kwa miaka kumi na moja. Angesema nini?

Kesho yake Pechiammal alipofika, jamaa hakumtazama usoni. "Zimekwisha, mama."

Ndoo ya unga ilikuwa miguuni pake, imejaa pomoni. Akufukuzaye hakwambii toka. Pechiammal aliumia, asikwambie mtu. Alikuwa amezoea kunyimwa na wa nyumbani, lakini pale ndipo mahali pekee duniani alipokuwa akiulizwa anataka nini.

"Na ile ndoo ina nini?" akauliza. "Chokaa?"

"Mama, usinitie matatani. Mwanao atanifukuza hapa."

"Ala! Kumbe ni yeye." Akavuta kigoda, akakaa, akajifunga vizuri sari yake. "Basi wewe usinipikie. Mimi nakaa. Mwenye baraza atanikuta."

Akakaa kweli. Lakini nani ataweza kula huku mama wa watu amekaa mbele yake mikono mitupu? Mchukuzi mmoja aliweka sahani yake chini. Wa pili naye akaweka. Pitchai, dereva wa bajaji, mtu wa dosa nne kila asubuhi, alisema tumbo limefunga ghafla. Hakuna aliyeagiza tena, na Sonaimuthu akazima jiko asiunguze gesi ya bure.

Saa mbili na nusu Ilango akatokea na funguo zake.

"Mama, inuka twende nyumbani."

"Kaa."

"Mama, watu wanatuangalia..."

"Kaa, Ilango! Umekula?"

Tumbo ndilo lililojibu, na Pitchai akalisikia. Ilango akakaa.

"Sonaimuthu, mpikie huyu," alisema Pechiammal. "Huyu hukukatazwa."

Sonaimuthu akawasha jiko kwa haraka, akamimina kabla tawa halijapata moto. Dosa ikang'ang'ania. Akaikwangua, ikapasuka, huku imeungua, huku mbichi. Akainua mkono amrushie ng'ombe.

"Mwekee," alisema Pechiammal. "Mwekee hiyo hiyo."

Ilango aliitazama sahani. "Hii nini? Si imeharibika?"

"Ya kwanza huwa hivyo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Mbona nyumbani sijawahi kuiona?"

"Hukuiona, ndiyo," alisema mama yake. "Ulidhani inakwenda wapi?"

Ilango aliviangalia vile vipande, masikio yakamwiva. Akachukua kimoja kilichoungua, akakichovya kwenye chatne, akakitia mdomoni, akatafuna.

Sonaimuthu alikuwa ameshamimina ya pili. Hiyo ilitoka nzima, nyembamba, kingo zimekauka. Akabaki ameishika juu ya mwiko wa chuma, anamtazama mwenye baraza.

"Mpe mama," Ilango alisema, bado anatafuna.

"Mimi sikuomba ruhusa," alisema Pechiammal, akanyoosha sahani mwenyewe.

Aliila polepole, mpaka ukingo wa mwisho. Wachukuzi wakaokota sahani zao. Mwanawe alikuwa bado anahangaika na vipande vyake, na Pechiammal hakumsaidia hata kwa jicho. Alipomaliza alipangusa vidole, akaisogeza sahani tupu karibu na tawa.

"Sonaimuthu," akasema, "nyingine."