Tatizo la Pasi Katika Sakristia

Kwa miaka sita nilikuwa karani wa baraza la parokia yetu hapa Bukavu. Walinichagua kwa sababu nilikuwa nimefundisha shule ya msingi na mwandiko wangu unasomeka. Sikujua bado kwamba walichohitaji ni mtu anayejua kufuta.

Jumamosi moja asubuhi alikuja mbele yetu mjane aliyekuwa akifua na kupiga pasi vitambaa vya altare. Alisema bila kulia: "Padri alinishika kwa nguvu mu sakristia. Nikamusukuma, nikatoka mbio. Na haikuwa mara ya kwanza."

Wakamwomba asubiri nje. Mvua ilikuwa inanyesha.

Mwenyekiti wetu, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya forodha, alivua miwani. "Maman sekretere, usiandike 'alimushika'. Andika 'alimukaribia'."

"Hata kukaribia iko nzito," akasema kiongozi wa akina mama, aliyempikia padri kila Jumapili. "Padri anakaribiaga watu wote. Ndiyo kazi yake."

Tukatafuta neno saa mbili nzima. "Kutoelewana" likapita, lakini mtu akauliza: kutoelewana juu ya nini? Kwa kuwa yule maman kazi yake ilikuwa kupiga pasi, tukapitisha kwa kuinua mikono, wangu ukiwemo: kutoelewana juu ya pasi. Tukaazimia kusali novena ya siku tisa, maman aende kupumzika kwa ndugu zake kijijini Miti, na parokia itafute pasi mpya. Padri aliendelea na misa. Kesho yake alihubiri juu ya ubaya wa kusengenya, na tukaitikia amina.

Jumatatu maman akaja kwangu, mtaa wa Muhumba, viatu vimejaa matope. "Maman sekretere, unisomee ile muliandika."

Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na miye niko wapi mule?"

Nikafunga daftari. Watoto wa darasa la nne niliwapa sifuri kwa uongo mdogo kuliko ule. Nikachukua karatasi nyingine, nikamwomba aseme polepole, nikaandika neno kwa neno. Akatia sahihi. Kesho yake tukaenda pamoja ofisini kwa askofu.

Padri mzee aliyetupokea alisoma mara mbili, akanitazama. "Baraza linasema nini?"

"Baraza linasema inunuliwe pasi, mon père."

Hakucheka. Alimpa maman kiti, akamuuliza yeye mwenyewe, akamweleza pia kwamba ana haki ya kwenda kwa polisi.

Wiki ile padri wetu alisimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Wanawake wengine wawili wakajitokeza. Baraza nalo likakutana haraka "kumpumzisha karani". Safari hii neno lilipatikana kwa dakika tano.

Uchunguzi haujaisha. Kuna wanaoniita msaliti wa Kanisa, nami bado nasali humo humo. Wangeniuliza, ningesema anayelalamikiwa akae pembeni kwanza, na anayelalamika asikilizwe na watu wasiokula mezani kwa padri. Hawajaniuliza.

Maman hakwenda Miti. Kila Jumapili anakaa benchi la tatu, na watu wanamwachia nafasi pana kama mwenye upele. Mimi nakaa hapo naye. Nafasi inatutosha sisi na miavuli yetu.