Kinyonga wa Kwenye Stroberi

Nilipokuwa bado msichana wa kutumwa chumvi kwa jirani, niliishi kijijini Mogitu, mlimani, kwa Bibi mzaa mama, na pale nyumbani hakuna aliyethubutu kumgusa kinyonga. Bibi alituambia kinyonga akihamia nyumbani kwa watu, kuna mmoja wao atatoka. Hakusema atatoka kwenda wapi, na sisi hatukuuliza.

Mwaka huo mama mdogo Vero, kitinda mimba wa Bibi, alirudi kutoka Mbulu, alikokuwa akienda mara kwa mara kumtembelea rafiki yake, akiwa na miche ya stroberi aliyopewa na rafiki huyo ndani ya mfuko wa unga. Akaipanda nyuma ya jiko. Ilikubali vizuri, maana upande wetu wa mlima una baridi, ila wadudu nao waliipenda. Konokono walitoboa matunda kabla hayajaiva, viwavi wakatafuna majani. Dawa ya dukani mama mdogo hakuitaka kabisa.

"Kuna mtu hapa anakula hapohapo shambani bila kuosha," alisema, akinitazama.

Basi tukawa tunazungushia kila shina majivu ya jikoni na kutandika nyasi kavu ili matunda yasiguse udongo. Jioni tulitwanga vitunguu saumu na pilipili, tukaloweka. Asubuhi tukachuja na kunyunyizia kwa kitita cha majani. Macho yaliniwasha, nikawa nalia na kucheka kwa pamoja.

Konokono walipungua. Viwavi wengine walikataa kuondoka. Ndipo asubuhi moja nikamwona kinyonga amekaa katikati ya bustani, kijani kama majani yenyewe, jicho moja likinitazama mimi, jingine likimtazama kiwavi. Ulimi ukatoka, kiwavi hayupo! Nikapiga kelele za furaha. Bibi akaja mbio, akamwona, akasimama ghafla.

"Vero! Mtoe huyo!"

"Mama, mbona ananisaidia kazi?"

"Baba yako yuko hospitali Haydom, wewe unafuga kinyonga?"

Furaha ikaniishia. Babu alikuwa amepelekwa kwa basi, tumbo likimsumbua, akisubiri upasuaji. Mama mdogo alichukua kijiti, akamnyooshea kinyonga apande, kisha akakirudisha. Hata yeye aliogopa, na Bibi ndiyo kabisa. Kwa hiyo kinyonga akabaki, akanenepa, na stroberi zikaanza kuwa nyekundu.

Jioni moja, jua likiwa bado halijazama, nilimkuta Bibi ukingoni mwa bustani, mikono nyuma, akiongea taratibu kama anayeongea na mgeni.

"Kama lazima mtu atoke, nitoke mimi. Mzee mwache."

Nilijiziba mdomo nisicheke. Mtu mzima anambembeleza kinyonga! Nikarudi jikoni polepole asinione.

Babu alirudi. Alishuka kwenye basi kwa miguu yake mwenyewe, amekonda, na kabla sijamaliza kusema shikamoo alishaanza kuulizia ng'ombe wake, mmoja mmoja kwa majina. Bibi alimshika mkono kutoka barabarani hadi nyumbani, kitu ambacho sikuwahi kukiona.

Haukupita muda mrefu wakaja wazee kutoka Mbulu kumposa mama mdogo. Kijana mwenyewe alikuwa kaka wa yule rafiki aliyetoa miche, na hapo tukaelewa zile safari zake za mara kwa mara. Tuliwaandalia stroberi na maziwa mgando. Mzee mmoja aliligeuza tunda lake, akalitazama kwa mashaka.

"Nyanya gani hii, mbegu ziko nje?"

Akaonja. Kisha akanong'ona, "Ziko nyingine?"

Nyumba nzima ikacheka, na Bibi akacheka kuliko wote, akimpigapiga Babu begani. "Si nilisema mtu atatoka? Si nilisema?"

Watu wakiniuliza leo kama naamini habari za kinyonga, huwa nawasimulia ile jioni ya Bibi bustanini. Najua tu kwamba Bibi aliamini kwa moyo wote, na bado alikwenda kusimama mbele ya kitu alichokiogopa kuliko vyote, akajitoa badala ya mumewe. Mimi niliona kichekesho. Kisha nikaolewa, na mume wangu akaja kulazwa hospitali. Nilijikuta niko peke yangu uani, nikisema kwa sauti maneno karibu yaleyale. Alipopona nilimsimulia, akacheka sana, na mimi nikamwacha acheke.